Kabla ya Kuwa Chuma

Masese, Jinja. Saa kumi na mbili na robo asubuhi.
Kinu cha Nangobi hakijaamka.
Foleni ya mabeseni imefika kwa muuza makaa,
na kitindamimba wa Balikowa amelala juu ya gunia,
mdomo wazi, unga wa jana kwenye kope.

Nangobi amezungusha hendeli mara nne.
Injini imekohoa, imetema moshi,
ikanyamaza
kama mdaiwa aliyeulizwa jina.

Mimi hapa kazi yangu daftari.
Nahesabu madebe, naandika madeni,
na usiku nasoma kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada,
niliyoiokota stoo ya kiwanda cha nguo
siku walipofunga mageti.
Jana nilifika herufi ya E.

Basi nikasema, ili kuua ukimya:
Mama, wajua neno hili lilizaliwa wapi?
Waingereza walilichukua kwa Wafaransa,
Wafaransa walilirithi kwa Walatini,
na huko kwa Walatini halikuwa na pistoni wala bomba.
Lilikuwa akili.
Ile isiyofundishwa, mtu anayotoka nayo tumboni.
Likatembea, likawa ujanja.
Likawa hila, likawa mtego,
likawa magogo ya kubomolea kuta za maboma.
Dizeli ilipofika, lilikwisha zoea chuma zamani,
kwao limekusahau.

Nangobi hakuinua kichwa.
"Sisi nasi tulifanyaje?" akasema.
"Marehemu baba alikuwa askari hapo kambini.
Akifungua bunduki yake kuisafisha, alitukemea:
msiguse mtambo!
Mtambo ulikuwa kitu kidogo, kama ulimi wa paka,
kinabana, kinafyatuka.
Leo mtambo ni bwawa zima la umeme.
Neno halifi njaa, mwanangu.
Likikosa kazi huku, huhamia kule.
Nipe kisu."

Nikampa kisu.
Akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli,
upana wa kidole, akaulamba,
akaufunga pale dizeli ilipokuwa ikilia tone tone.
Akaweka bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni,
akafumba macho.
Sijui alisikia nini.
Chuo hakukiona. Mume alipokuwa hai
alimkataza hata kushika spana:
mafuta ya mashine, alisema, hayatoki kwenye ubwabwa wa mtoto.
Aliyajua haya akiwa mlangoni, na mtoto mgongoni,
akitazama mikono ya mtu mwingine.

Mara ya tano. Hendeli.
Puu.
Puu, puu,
kisha bati lote la paa likatetemeka
na mtoto wa Balikowa akaamka analia,
na wanawake wakapiga vigelegele: imekubali! imekubali!
Wote walikuwa wanatazama chuma.

Niliandika tarehe.
Chini yake nikaandika injini,
na mbele yake, pale panapokaa jina la mdaiwa,
nikaandika Nangobi.
Nikaona nimekosea safu. Sikufuta.

Alikuja akichungulia begani kwangu,
mikono myeusi hadi viwikoni,
hasomi, lakini jina lake analijua kwa umbo.
"Na deni," akaniuliza kwa sauti ya kushinda kinu,
"deni nalo lilizaliwa wapi?
Litafute usiku.
Anza na la Balikowa."