Ukurasa wa Kumi na Saba

Faki anakitaka chumba.
Saruji yake imelala uani, vuli imeshabisha hodi,
na sisi, asema, tumelaza makaratasi kitandani
kama wagonjwa.
Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu karafuu.

Tano kwa kila gazeti, ndivyo alivyotufunza shangazi Kazija,
tano tu, zikizidi huacha doa la mafuta
shavuni mwa yule mwanamke wa jalada
anayecheka tangu sijazaliwa
na meno yake yote yapo.
Majani ya mwarobaini chini ya sanduku.
Nguo zibadilishwe mkunjo kila mwezi mwandamo,
kwani kitambaa kina kinyongo:
kikunje pahala pamoja miaka yote
na siku moja kitakukatikia papo hapo.

Magazeti haya aliyaleta baharia,
marobota kwa marobota, yamefungwa kamba ya katani.
Lugha yake hapa Wete hakuna aliyeijua.
Shangazi hakujua kuyasoma. Alijua kuyakata.
Ndiyo maana yana matundu:
hapa bega limeondoka, hapa mkono, hapa ukosi,
na kwenye tundu unaona habari ya ukurasa wa nyuma,
nusu ya kichwa cha samaki na namna ya kumkaanga.

Alikuja bwana wa makumbusho kutoka Unguja
na glavu nyeupe. Akafungua taratibu
kama anayemfunua mtoto usingizini.
“Yameharibika,” akasikitika.
“Ukurasa wa kumi na saba haupo.”

Upo, nikamwambia. Ulivaliwa.
Ulivaliwa Idi mosi, ukatoka Limbani mpaka Jadida
na mikono ya puto na mshipi wa kitambaa hicho hicho,
watoto nyuma wakihesabu vifungo.
Kisha ukawa foronya.
Kisha ukawa kishikio cha sufuria, ukaungua pembe moja.
Akaandika kitu. Sijui kitu gani.

Pambizoni hakutazama.
Pambizoni, kwa penseli:
*Bi Sharifa wa Mtambwe, kifua 34, bado shilingi mbili.*
*Tatu binti Shehe, kiuno 31. Asiambiwe.*
*Bi harusi wa Kojani, bega la kulia limeshuka, tia pamba.*
*Time. Mikono mirefu, ana kovu.*

Hawa hawakupigwa picha.
Wengine kaburi lao halina hata jiwe la kichwani.
Lakini bega lililoshuka nalijua,
na Tatu, Mungu amrehemu, hajaambiwa mpaka leo.

Sandukuni mna kipande cha kanga, SIKUACHI KWA MANENO YA,
basi. Kilichobaki alifungwa mtoto.
Hatujui yalikuwa maneno ya nani.
Mna buibui la kamba, zito kama mvua,
na mna gauni moja la rangi ya bizari
ambalo mwenyewe hakulifuata.
Pini nane pindoni, zote zina kutu.
Aliondoka mwaka ule wa watu kuondoka, usiku,
hakuaga, hakulipa.
Shangazi hakuliuza wala hakulipinda.
“Nitapindaje bila miguu yake?” akisema,
na cherehani ikiendelea.

Nimezing’oa pini saba, zisije zikala nguo.
Ya nane imegoma. Nimeiacha.

Jana Saumu wangu, miaka kumi na moja,
alijizungushia futi ya shangazi,
ile iliyofutika mwanzo hata inaanzia saba,
akapiga hesabu kwa vidole, akatafuta pambizo iliyo tupu.
Penseli ninayo mimi. Sijampa bado.
Anauliza kila baada ya sala.

Na Faki huyo tena mlangoni,
mfuko begani unavuja vumbi kwenye kizingiti.
Weka ukumbini, nimemwambia.
Humu mna watu.