Kopo la Mikono Miwili

Ghala namba tatu, Kasulu, mlango wa bati:
ufunguo wake nimeuvaa shingoni miaka kumi na mmoja
kama hirizi ya mtu asiyeamini hirizi.
Leo nimehesabu vilivyobaki:
mizani moja inayodanganya nusu kilo,
vichaga vitupu, panya wawili waliokonda,
na makopo ya mafuta arobaini na sita, makavu,
kila moja limechorwa mikono miwili inayosalimiana,
na chini yake, kwa Kiingereza, kwamba hii ni zawadi
ya watu wa Marekani.

Barua imekuja, kurasa mbili.
Nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.
Inasema taifa lile limeamua kutazama kwake kwanza,
kwamba mkataba ni kamba,
na fahali hafungwi kwa kamba iliyosokotwa na wengi.
(Kamba na fahali ni maneno yangu.
Barua ilisema "mapitio".)

Mimi si mtu wa kuwalaani.
Mlango ni wao, komeo ni lao.
Kule nako, nadhani, yuko mkulima
anayejumlisha madeni yake chini ya taa nzuri kuliko yangu
na kuuliza: Kasulu ndiyo nini? Inaliwa?
Angekuja kuniuliza uso kwa uso
ningemwambia: ni vilima, ni udongo mwekundu,
ni mahali mahindi yako yalipofika kwa behewa;
yalipita Tabora usiku, watu wamelala,
nayo hayakujua kama yamevuka mpaka wowote.

Na mimi pia nina bonde.
Mwaka ule wa jua niliukata mfereji
uliokuwa ukishuka kwa Bitariho.
Nilipanga mawe, nikashindilia tope kwa miguu yangu mwenyewe,
nikasema: chemchemi imezaliwa kwangu.
Ningependa kukwambia niliadhibiwa.
Sikuadhibiwa. Maharage yalizaa, nikauza,
nikanunua baiskeli.
Ila tangu hapo Bitariho akinikuta njiani
"mwakeye" yake humpa mbwa wangu.
Na usiku ule ng'ombe aliposhindwa kuzaa
nilisimama uani na tochi mkononi
nikiwaza nimwite nani,
na jina la kwanza kunijia ulimini lilikuwa lake.
Sikuliita.

Kwa Yustina, kwenye chai, wanabishana.
Mwalimu Kilahumba anapiga meza, vikombe vinaruka:
Waende! Anayekushikia kijiko ndiye anayekuchagulia mboga.
Heri tule mihogo yetu chini ya bendera yetu!
Tunacheka, tunamwitikia, maana ana haki,
na mihogo, kusema kweli, mwaka huu imekubali.
Ndipo Mama Asukulu, aliyetoka kambini Nyarugusu
na kitenge kimoja cha kuuza,
akauliza bila kuketi:
Na hiyo bendera yako, mwalimu,
kivuli chake kinanifika hapa niliposimama?
Juzi si ninyi mliosema nchi ina wenyewe?
Mwalimu akakoroga chai
iliyokwisha kukorogeka.

Alinifuata mpaka ghalani. Akaomba kopo moja,
la kupimia unga, kama unga utakuja,
la kuoteshea kitunguu, usipokuja.
Nilimpa bila kumsainisha, mara ya kwanza tangu niajiriwe.
Nikalipangusa kwa mkono wa shati, nikaona
kutu imeula mkono mmoja hadi kwenye kifundo.
Nililigeuza huku na huku kwenye mwanga
nijue ni upi, wa kutoa au wa kupokea.
Mchoraji hakuweka alama.
Mama Asukulu akasema, lete, giza linaingia,
barabara ya kwetu ni ndefu.

Nimezima taa. Nimefunga ghala,
kufuli kubwa na dogo,
nikavuta mara mbili kuhakikisha,
kana kwamba ndani kuna kitu.