Kufu

Spika niliuziwa na mpangaji wa Shela aliyekuwa akihama:
mbili, ndogo, za kuweka rafuni,
mbao imebabuka pembeni kama chapati,
wavu mmoja una tundu la sigara.
Nikazileta Langoni zimefungwa kwa kikoi, mapacha wachanga.

Amplifaya niliagiza Mombasa.
Ikaja kwa basi, ikavuka Mokowe,
sanduku limeandikwa kwa herufi za moto: WATI MIA NANE.
Nikapita nalo Usita wa Mui polepole,
ili watu wasome.

Fundi Shekuwe hakusoma.
Aliishika kwa mkono mmoja, akaipandisha, akaishusha,
kama mtu apimaye papai.
"Nyepesi. Wati mia nane zina uzito, mwanangu.
Hizi ni wati za karatasi. Ndani mna ishirini,
na katika hizo ishirini, tano zina homa."

Akageuza spika, akapangusa vumbi kwa dole gumba:
omu nne. Desibeli themanini na tatu.
Akatikisa kichwa kama aliyeletewa posa mbaya.

"Mke na mume hutafutiwa kufu.
Bibi huyu ni mzito wa kuamka.
Umwite mara moja, hasikii; mara ya pili, anajigeuza.
Anataka mume mwenye kifua.
Na hiyo nne usiione sifa:
omu zikipungua, mlango u wazi, umeme unakimbia,
na bwana wako huyu atatoka jasho mpaka anuke plastiki.
Mwenye kuanza atafute omu nane,
desibeli themanini na nane kwenda yuu,
bibi anayeitika hujamaliza jina.
Hapo hata wati kumi ni mahari tosha."

Na nikiifungulia mpaka mwisho?

"Mwisho ndipo anapoanza kusema uongo.
Sauti hukatwa vichwa, ikawa bapa,
na hiki kidogo cha juu, cha hariri, ndicho huungua kwanza.
Watu hudhani spika huuawa na nguvu.
Mimi nimezizika nyingi.
Nyingi ziliuawa na unyonge unaopiga kelele."

Akainama chini ya meza, akatoa kitu kizito, cheusi,
hakina maandishi, kitufe chake kinakwaruza.
"Wati arubaini, za kweli. Kwa bibi huyu, yatosha.
Niachie yako, uniongeze elfu moja."
Nilikuwa na mia saba.

Nyumbani nikazitia spika zidakani,
kati ya birika na sahani za kale,
zikakaa kana kwamba zilizaliwa humo.
Besi ikatoka kama mtu anayesemea mtungini.
Sahani zikalialia.
"Sahani hizo zimezika watu wanne," akasema shangazi Mwanatumu,
"hazitakufa leo kwa ngoma. Toa."

Nikazitoa. Dhiraa moja kutoka ukutani,
kila moja juu ya mbuzi ya kukunia nazi,
na sisi mkekani, masikio sawasawa na hariri.

Kaseti ilikuwa ya harusi, Gadeni, themanini na saba.
Tuliijua kwa redio ya betri
kama tunavyozijua ngazi gizani.
Sasa udi ukawa na kucha.
Mpiga dumbaki akahamia kushoto, karibu na mlango.
Na katika ubeti wa tatu, pale ambapo siku zote
palikuwa na mkwaruzo tu,
mtu akakohoa.

Shangazi akainua mkono.
"Huyo ni Shee. Alikuwa na kifua mwezi ule.
Alikwenda kukaa nyuma, kando ya masufuria,
asituharibie kaseti."

Feni ilizunguka. Nje mtu aliburuta ndoo.
"Regesha," akasema.
Nikaregesha. Shee akakohoa.
"Regesha."

Kitufe hakijafika hata nusu.
Fundi bado ananidai mia tatu.