Ini Linaloelea

Kuku wa kumi na moja leo, na adhuhuri bado.
Undu wake umepauka kama karatasi ya duka.
Zahor kasimama mlangoni mwa banda, kanzu kaipandisha,
anasema: "Joto la Barka hili, Thuwaiba. Agosti haina huruma."

Napasua. Damu imeganda tumboni, nzito, rojo la tende.
Ini limechanika ukingoni,
rangi yake samli, manjano ya mpishi aliyezidisha mkono.
Nalitia kwenye bakuli la maji.
Ini la kuku mzima huzama.
Hili linaelea, linazunguka polepole,
kama limesahau kuwa ni nyama.

"Walikula nini?"
"Walishiba!"
Na kweli walishiba: mahindi mpaka shingoni,
pumba, tende zilizovunda kutoka Rustaq.
Soya ilipanda bei; akaipunguza Machi,
akaipunguza tena Mei.
Na ule unga mweupe unaonuka kabichi iliyolala,
methionini, vijiko vya kuhesabu kwa gunia,
akaufuta kabisa.
"Kijiko! Kijiko kitamuua nani?"

Namweleza kwa lugha ya mama zetu waliozaliwa Wete,
maana Kiarabu chetu sisi wawili ni cha mihuri na mahakama:
Ini ni bohari, Zahor. Wanga ukizidi hugeuzwa mafuta humo humo,
na mafuta hayana miguu.
Yanataka pakacha la kuyatoa nje,
na pakacha husukwa kwa protini, chane kwa chane.
Ikikosekana chane moja tu
zilizobaki zinakaa chini, hazina kazi.
Mzigo unalala. Unapanda mpaka darini.
Siku ya jua kali, ukuta unaachia.

Kimya. Feni inasukuma manyoya sakafuni.
Huyu aliwahi kunikata maini
kwa maneno madogo kuliko haya.
Kwake nilishiba miaka minne:
halwa, bangili, friji inayovuma usiku kucha,
na kitu kimoja, cha kijiko tu, hakikuwamo guniani.

Hilo silisemi. Naandika nyuma ya trei la mayai:
soya irudi yote. Methionini, gramu sabini na tano kwa gunia.
Mahindi, punguza.
Wiki sita, pengine nane. Wengine hawatafika.

Anaichana karatasi ile ngumu, anaikunja,
inakataa kuingia mfukoni.
Ananawa. Ananiangalia mikono.
Anauliza kama nimekula.