Mto Uone Mto

Ramani ilishapitishwa. Vyumba kumi na viwili
vimepangwa kama shanga kwenye uzi,
na manispaa ya Kutaisi imegonga mhuri wa buluu
pembeni, penye doa la chai ya Otia.
"Nyumba ya wazee ni hesabu tu," akasema. "Imekaa."

Lakini Tsiala hajawahi kuiamini nyumba
iliyotazamwa kutoka juu, kama kunguru aionavyo.
Nani huishi angani, juu ya paa lake mwenyewe?

Akabandika karatasi laini mezani,
akachora mstari mmoja wa kulala: upeo wa macho.
Mistari ya sakafu ikakimbilia kushoto,
ikavuka ukingo wa karatasi, ikavuka meza,
nukta yao ya kukutania ikaangukia
kwenye fremu ya dirisha la ofisi.
Akapigilia msumari palepale. Akafunga uzi.
Otia akatazama rangi ya fremu ikibanduka, akanyamaza.

Chumba cha saba. Mtu amesimama, sentimita mia na sitini:
kuta zikaitika, dari ikashuka kwa adabu,
na dirishani ukapita mto Rioni, na daraja la chuma,
na mkomamanga wa jirani uliosahauliwa kuchumwa.
Pazuri. Angeweza kuishia hapo.

Ila chumba cha saba kina mwenyewe tayari:
Guliko, miaka thelathini kwenye mitambo ya hariri,
miguu imemgomea tangu mwaka juzi.
Siku ile ya kupima kiwanja aliuliza swali moja tu:
"Mto nitauona?"

Tsiala akaushusha upeo. Mia na kumi, kimo cha kiti.
Daraja likabaki. Maji yakaondoka.
Akaushusha tena, sabini, kichwa kiko juu ya mto:
kizingiti cha dirisha kikapanda kama gharika,
kikameza daraja, kikameza mkomamanga,
kikabakiza kipande cha mbingu, cheupe,
kisicho na hata ndege.

Wahenga walisema macho hayana pazia.
Hawakutaja ukuta.

Raba. Makombo ya raba kwenye mkono wa sweta.
Akashusha kizingiti; kipasha joto kikakosa pa kukaa.
Akakihamisha; kikagombana na nguzo.
Akaisogeza nguzo, na korido yote,
iliyokuwa imenyooka kama amri,
ikapinda kiwiko kuelekea majini.
Saa nane za usiku shanga zilikuwa zimekata uzi,
kila chumba kimejigeuza kidogo, kivyake,
kama watu kwenye benchi wanaposikia jina likiitwa.

"Umeniharibia mhuri," Otia akasema asubuhi,
mkate wa moto kwapani. Kisha akainama,
akainama zaidi, hadi kidevu kikagusa meza,
akakaa hivyo. Mkate ukapoa.

Machi. Jumberi, msimamizi wa mafundi,
akamkuta amelala chali kwenye zege la chumba cha saba,
koti limekunjwa chini ya kichwa.
"Umeanguka?"
"Nimelala. Nyamaza kidogo."

Maji ya kahawia, maji ya theluji iliyoyeyuka,
yalikuwa yakipita: nusu yake.
Nusu nyingine ilizibwa na safu ya matofali,
safu moja tu, saruji yake bado mbichi.
Hakujua kama kosa ni la penseli
au koti ni jembamba mno.
Jumberi alikwisha inua nyundo.

"Ngoja," akasema. "Kwanza niletee mto."