Herufi Moja

Ami Kondo akishashiba ubwabwa wa hitima
hujipangusa ndevu, akaanza:
sisi ni kina Hilali, mwezi mwandamo,
tulitoka Maskati na sanduku la njumu,
na mwacha asili ni mtumwa.
Nimeyasikia hayo tangu nina meno ya utoto.

Lakini bibi Mwanatatu, wiki yake ya mwisho,
alinishika kidole gumba, akakivuta,
akasema neno moja tu: Misheni.
Nikadhani anataka dawa ya zahanati.

Basi Jumanne nikajitanda mtandio wa kijivu,
nikapita makaburi yenye misalaba
kwa mwendo wa mtu aliyepotea njia.

Sista Eufrasia hakuniuliza dini.
Aliniuliza kama nimenawa mikono.
Akashusha kitabu kilichofungwa kwa utepe wa gauni,
jalada limetafunwa na mchwa pembe tatu,
kurasa zanukia kama kanga za marehemu
ambazo hakuna aliyethubutu kuzigawa.
Maandishi ni Kilatini.
Yeye anasoma, mimi nahesabu mistari.

Waliingia kwa mkupuo:
watoto kumi na tisa, siku moja, wino mmoja,
na msimamizi wa ubatizo mmoja kwa wote,
fundi seremala, ambaye asubuhi ile
alipata watoto kumi na tisa
akarudi kwenye randa yake.
Safu ya kwanza, nambari. Ya pili, jina.
Ya tatu, baba: hajulikani.
Mama: hajulikani.
Hajulikani, hajulikani, mpaka padri akachoka,
akawa anaweka vistari viwili viwili tu,
kama nyayo za ndege kwenye tope la mikoko.

Nambari mia mbili na sita. Hilarius.
Mvulana. Umri, kama miaka saba.
Kovu juu ya jicho la kushoto.
Kanunuliwa sokoni, na bei yake,
ambayo sista aliisoma kwa sauti ya chini
na mimi siiandiki hapa.

Kwa nini Hilari? nikauliza.
Akapitisha ukucha kwenye kalenda ya watakatifu:
Januari, tarehe kumi na nne. Ilikuwa zamu yake.
Angebatizwa kesho yake, angekuwa Paulo.

Mchana, kabati jingine,
nakala ya daftari la kodi, enzi za Mdachi.
Mtaa wa Dunda. Nyumba ya makuti,
mke mmoja, watoto wawili, kuku hawakuhesabiwa.
Mwenye nyumba: Hilali. Kovu jichoni.
Karani sijui alikuwa mtu wa wapi,
r na l kinywani mwake ni pacha.
Herufi moja,
na mtakatifu akavua joho lake la Kilatini
akachomoza mwezi.

Hapo ndipo ilipo Maskati yetu, ami.
Kwenye ulimi wa karani.

Mwacha asili ni mtumwa.
Na aliyeachishwa?
Aliyebebwa angali usingizini,
akaamkia mgongo asioujua harufu yake,
huyo methali inamwita nani?

Maana kabla ya Hilari alikuwa na jina.
Kuna mtu alilipaza jioni, mara mbili, mara tatu,
rudi, chakula kinapoa,
na hakikupoa chakula peke yake.
Jina hilo halina safu.
Nimegeuza ukurasa nyuma na mbele,
nimeuelekeza dirishani kama noti ninayoitilia shaka.
Hamna.

Sista akanipa daftari la wageni.
Jina lako. Jina la baba. Shughuli iliyokuleta.
Nikaandika Mwanahamisi. Nikaandika Hilali,
kalamu ikasita kwenye ile l ya pili,
ikatoa doa la wino kubwa kama punje ya mtama.
Sikulifuta.
Kwenye shughuli nikaweka vistari viwili.

Jumamosi kuna hitima nyingine, kwa kina Mwanakombo.
Ami Kondo atakaa palepale, karibu na mlango.
Nitamwambia.
Nitamwongezea ubwabwa kwanza.