Njia ya Kwenda kwa Venansia

Wenzangu wa karakana waliponiuliza
Bukavu mtu anakula wapi,
niliwaambia: teremkeni hadi karibu na bandari,
kuna hoteli yenye vitambaa vya meza
na mhudumu mwenye tai.
Niliwadanganya.
Mimi mwenyewe pale nilikula mara moja tu,
kuku mkavu kama barua ya serikali.

Kazi yangu ni kutengeneza mizani.
Natoka Goma na meli ya usiku,
sanduku la mawe ya mizani limenivuta bega,
nazunguka Kadutu duka kwa duka
nikinyoosha kilo zilizojifunza wizi.
Siku moja mvua ilinikuta
mahali ambapo barabara hukata tamaa
na kuwaachia watu ngazi za udongo.
Nikajibanza chini ya bati la fundi cherehani.
Harufu ya mawese ikanipita,
ikarudi,
ikanishika mkono.

Nyuma ya cherehani palikuwa na pazia,
nyuma ya pazia meza tatu,
ya nne ni mlango uliolazwa juu ya matofali,
kitasa chake bado kipo.
Sikuona bango wala orodha ya bei.
Mama mmoja, kitenge kimekazwa kiunoni,
hakuniuliza ninakula nini.
Aliuliza: "Umetoka mbali?"
Nikasema Goma.
Akaongeza bugali.

Sambaza zilikuja mafuta yakizinong'onea bado,
kila mmoja mdogo kama kidole cha mtoto;
unamla na kichwa, na macho,
huachi ushahidi.
Sombe ilikuwa imetwangwa hadi ikasahau kwamba ni majani.
Pilipili ilikaa pembeni kimya
kama mkwe anayengoja kuulizwa.

Siku za mwezi mpevu sambaza hakuna.
"Zimeona taa kubwa kuliko za wavuvi,"
anasema Venansia,
anakupakulia maharage
wala haombi radhi.

Niliuangalia mkono wake kwa jicho la kazi yangu.
Mizani hana. Ana upawa uliopinda.
Miaka mitatu nimeufanyia hesabu:
mkono ule hukosea kila mara,
na kila mara hukosea upande wa mwenye njaa.
Kosa hilo sina chombo cha kulirekebisha.

Basi nikaificha njia.
Niliogopa tai, niliogopa vitambaa vya meza,
niliogopa kuvuta pazia
na kukuta mtu mwingine anakichezea kitasa changu.

Februari hii nikakuta meza mbili.
Nyingine zimekwenda, ada ya shule ya mtoto.
"Na wateja?"
"Wateja ni wewe," akasema,
"na fundi, naye hula kwa mkopo."
Akacheka.
Mimi bugali ukanikwama.

Nimewashika wengi katika masoko haya,
wanaobonyeza sahani ya mizani kwa kidole gumba
huku wanakuuliza habari za nyumbani.
Kidole changu sikuwahi kukiona.

Kwa hiyo sikilizeni, ninyi wa karakana,
na yeyote atakayeshuka na meli ile:
lipe soko la Kadutu kisogo,
fuata ngazi zenye bomba lililopasuka,
ulizia Mugaruka fundi,
yule mwenye redio isiyo na kifuniko.
Bango usitafute. Pazia ni la buluu;
yaani, lilikuwa la buluu.
Nenda na noti ndogondogo, chenji hana.
Akikuuliza kama umetoka mbali,
sema ndiyo,
hata kama umetoka Nyawera hapo juu.

Ila meza ya mlango,
ikiwezekana,
niachieni.